Kumpata mchoraji wa nembo za Kimakonde kwenye ngozi nyeusi: shajara ya mradi

17 Machi 2024: Ninachotaka

Nataka tatuu ya nembo za Kimakonde, zile alama za kuchanjwa za Wamakonde, kwenye mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kifundo. Ni mistari ya pembe iliyopandana na safu za nukta kati yake, wino mweusi mtupu, bila kivuli na bila rangi. Chimbuko ni uso wa bibi yangu mzaa mama, anayeishi Newala. Ameshavuka miaka 80, na mashavu na paji lake vilichanjwa akiwa msichana. Mama yangu hana alama hizo, wala mama zangu wadogo. Kwenye ukoo wetu bibi ndiye wa mwisho, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Dar wachoraji wa tatuu hawakosekani. Wengi wanajua majina, maua, mabawa na sura za watu. Sura ya mtu ikikosea milimita moja hakuna anayeona, lakini mistari sita sambamba ikikosea milimita moja kila mtu anaona. Kwa hiyo namtafuta mtu wa mistari hasa, na shajara hii naiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kitu cha aina hii bila kuanza na sifuri.

Kabla sijamtafuta mchoraji nimeanza chanjo ya homa ya ini B, ugonjwa unaoweza kupitia sindano chafu. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Hakuna hatua nyingine ya mradi huu itakayochukua muda mrefu hivyo, ndiyo maana imetangulia. Vipimo na dozi zote kwa jumla ni shilingi 95,000.

Jambo la kujua mapema: matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hutaka mwombaji asiwe na tatuu mwilini. Mimi nafanya hesabu kwenye kampuni binafsi na nimeshaongea na bosi. Wewe mwenye ndoto za magwanda, fikiria hilo kabla ya yote.

14 Aprili 2024: Kuchuja kwa picha

Nimepitia kurasa za Instagram za wachoraji wa Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi. Karibu kila picha ni ya kazi iliyochorwa saa hiyohiyo: ngozi imevimba kidogo, inang'aa kwa mafuta, na wino uko juu juu. Katika hali hiyo hata mstari mbovu unaonekana mkali kama wembe. Ukweli wa mstari unajulikana ngozi ikishapona.

Basi wote nimewaandikia ujumbe mmoja: naomba picha ya kazi yako ya mistari, iliyopona miezi sita au zaidi, kwenye ngozi nyeusi. Ujumbe huo umechuja kuliko nilivyotegemea. Wengine hawakujibu. Wengine walinitumia mikono ya watalii weupe. Mmoja aliniuliza nina bajeti kiasi gani kabla hata ya kuuliza nataka nini.

Ngozi nyeusi nimeitaja kwa sababu. Wino hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo ndilo lenye melanini, rangi ya asili ya ngozi. Kwa hiyo kwetu wino tunautazama kupitia melanini. Kijivu chepesi hupotea, rangi hubadilika, na kinachosomeka vizuri miaka yote ni mweusi mzito wenye ngozi tupu pembeni yake. Mchoraji aliyezoea ngozi nyeupe anaweza kuwa hodari kabisa na bado asiliweze hili.

Jibu bora lilitoka Nairobi, kwa ujumbe mrefu wa sauti. Yule kaka aliuliza kama kwetu kuna mtu mwenye keloidi, yale makovu yanayovimba na kuzidi ukubwa wa kidonda. Ndiyo, yupo: mdogo wangu ana uvimbe kwenye ndewe tangu alipotoga sikio. Akaniambia nisikubali kazi kubwa kwa mtu yeyote kabla ya jaribio dogo. Nafasi zake zimejaa hadi mwisho wa mwaka, hivyo nimemwacha, ila ushauri wake nimeuchukua.

Daktari wa ngozi (shilingi 50,000) alisema hivyohivyo, akaongeza kwamba keloidi inaweza kuchelewa miezi kadhaa kujitokeza, na kwamba kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na ndewe ni sehemu za hatari zaidi. Mkono chini ya kiwiko una nafuu. Nilikuwa nimefikiria bega, limefutwa.

12 Mei 2024: Barabara imekatika, studio ya kwanza imeanguka

Nilipanga kwenda Newala mwanzoni mwa mwezi huu kumwona bibi na kupima alama zake. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar kwenda Lindi imekatika upande wa Somanga, na safari imesogezwa mbele. Nimeutumia muda huu kutembelea studio.

Ya kwanza ni ya bei nafuu, ina wateja wengi na vijana wachangamfu. Niliomba kukaa pembeni nimwangalie fundi akimhudumia mteja mwingine. Sindano ilitoka kwenye droo ikiwa wazi, haina pakiti. Wino ulimiminwa kutoka chupa isiyo na lebo kwenye kikombe chenye alama za wino wa zamani. Fundi alipokea simu akiwa na glavu, akaendelea na kazi kwa glavu zilezile. Nilikuwa nimetoa advansi ya shilingi 30,000 na wakakataa kuirudisha. Nimeondoka.

Ninachoangalia sasa, kabla hata ya ustadi: pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yangu, na tarehe ya kuisha muda isomeke. Wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupa, na kinachobaki kisirudi kwenye chupa. Kiti, mashine na waya wake vifungwe nailoni mpya. Sindano iliyotumika iingie kwenye boksi gumu la taka zenye ncha, kama lile la njano la hospitali. Kama kuna vifaa vya kurudia kutumia, waonyeshe otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) inayofanya kazi; kuloweka kwenye spiriti au Dettol hakutoshi. Fundi mzuri haudhiki ukimwuliza haya. Akiudhika, hilo ni jibu tosha.

2 Juni 2024: Jaribio la kwanza

Studio ya pili imepita usafi bila dosari. Mchoraji ana jina kubwa kwa sura za watu. Hata mimi nimesimama nikizitazama kazi zake ukutani. Nimemwomba vipembe vitatu vilivyopandana, vyenye upana wa vidole viwili, ndani ya mkono karibu na kiwiko, sehemu ambayo mchoro mkubwa utaifikia. Ametumia sindano nyembamba ya ncha tatu, na kati ya mistari kuna milimita moja na nusu. Shilingi 60,000. Inapendeza sana leo. Nasubiri.

30 Juni 2024: Newala

Barabara imefunguka na nimefika. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo wa kwanza kuombwa ruhusa ni mjomba, kaka yake mama. Nilimpigia magoti, "Shikamoo mjomba," nikaeleza. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mtu wa mashine, akishajua michoro yetu, atamwuzia nani kesho?" Nikajibu kwamba nitaweka sharti. Akasema, basi nenda kwa mama, yeye ndiye mwenye uso.

Bibi alikaa barazani, nikamsogelea na rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Kila shavu lina mistari ya pembe inayoanzia karibu na sikio na kuelekea mdomoni. Rangi yake si nyeusi tena, ni ya kibuluu chenye majivu. Mistari yenyewe imenenepa na kingo zake zimelainika. Lakini kila mmoja bado umejitenga na mwenzake. Nilipima nafasi: milimita nne katikati ya shavu, sita karibu na sikio. Waliomchanja walitumia kisu kidogo na kusugua masizi ya mbono kwenye vidonda, kisha wakarudia vidonda vilipopona ili alama ikolee. Baada ya zaidi ya miaka 60 na makunyanzi yote yale, pembe bado zinasomeka ukiwa hatua kumi mbali.

Pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho picha zote za Instagram hazikunifundisha. Ile nafasi kati ya mistari iliwekwa na watu walioijua ngozi yetu na waliojua kwamba itazeeka. Mchoraji ninayemtaka ni yule atakayekubali kuiacha ngozi tupu hivyo, asione inamdai kitu cha kuijaza.

"Atatumia wembe?" bibi aliuliza.

"Hapana bibi, ni sindano, na mashine."

"Basi haitavimba." Akapitisha kidole juu ya shavu lake, polepole, kufuata mstari mmoja hadi mwisho. "Yetu unaisoma hata gizani."

Ya mashavuni ameniruhusu, kwa mkono tu, si usoni. Ya tumboni hakutaka hata niichore kwenye daftari. Ni mambo ya wanawake na ya unyago, akasema, na hayapigwi picha. Nimefunga daftari, na hayamo kwenye mchoro wangu wala hayatakuwamo kwenye shajara hii.

Nauli, malazi ya njiani, khanga, sukari na mengineyo: shilingi 160,000.

21 Julai 2024: Jaribio la kwanza limesambaa

Vipembe vitatu vimepona na vimeharibika. Kuzunguka kila mstari kuna kivuli cha buluu, na mistari miwili ya ndani imeungana kwenye kona. Mstari mzuri hukaa kwenye tabaka la kati la ngozi, kina cha kama milimita moja hadi mbili. Sindano ikipita hapo na kuingia kwenye mafuta, wino haushikwi na kitu, unatawanyika. Ndani ya mkono karibu na kiwiko ngozi ni nyembamba, na huko kina kinataka mkono mwepesi zaidi. Kivuli hakikuonekana siku ya kwanza. Kilianza kujitokeza wiki ya tatu. Angalau hakuna dalili ya keloidi.

Nimemwonyesha mchoraji. Alitaka kurekebisha kwa kuongeza wino juu. Wino uliosambaa haurudi kwa kuongezwa mwingine, nimekataa kwa adabu.

Mwezi huu nimepita pia Mwenge, kwa wachongaji wa vinyago. Mzee mmoja wa Mtwara alinitolea barakoa ya zamani ya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ambayo nembo zake za usoni zimebandikwa kwa nta, mistari imeinuka juu ya mti. Nikaweka rula: nafasi ni pana vilevile. Nimetazama na picha alizopiga Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906. Uso unatofautiana na uso, lakini hakuna hata mmoja uliosongamana.

Nimechora mchoro wote upya kwa vipimo vya shavu la bibi. Mistari ya pembe tisa imebaki mitano. Kisha nimempa dada mmoja wa hina aniwekee kwa ukubwa halisi mkononi, nikatembea nao ofisini na kwenye daladala hadi ulipofifia. Hina ya kawaida tu. Piko nyeusi usiikubali kwa kazi hii: mara nyingi ina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, inayoweza kuleta malengelenge, na ukishapata mzio wake unabaki nao.

25 Agosti 2024: Arusha

Kati ya wote walioleta picha zilizopona, mmoja alitoka Arusha. Ni dada anayechora kwa mashine na kwa mkono, na picha yake ilikuwa ya mguu wa mwanamume mweusi, mistari mirefu ya duara, imepona mwaka mzima, kingo safi. Hakuiwekea kichujio chochote. Hata vinyweleo vilionekana.

Nilimtumia mchoro mpya. Kabla sijasema lolote kuhusu nafasi akaandika: "Dada, nakuomba tusishuke chini ya milimita nne, mkono wako ni mwembamba." Nimepanda basi.

Amefanya jaribio upande wa juu wa mkono, mistari miwili na nukta saba. Nilimwangalia vidole kuliko nilivyoangalia sindano. Mkono wake wa kushoto ulivuta ngozi pande mbili muda wote, na mstari aliuvuta mara moja kwa mwendo mmoja, bila kurudi nyuma kutia viraka. Kundi la sindano saba kwa mistari, tatu kwa nukta. Shilingi 50,000.

Kuhusu masharti ya mjomba: amekubali kuandika kwamba mchoro huu hatauchora kwa mteja mwingine wala kuuweka kwenye daftari la kuchagulia, na kwamba picha atakayoweka mtandaoni itataja ulikotoka. Karatasi moja, sahihi mbili.

13 Oktoba 2024: Jaribio la pili limepona

Mistari iko pale ilipowekwa. Hakuna kivuli. Nukta moja imefifia, sita zimekaa. Hakuna uvimbe, na jaribio la kwanza nalo limeshapita miezi minne bila keloidi. Daktari ameridhika, dozi ya tatu ya chanjo nimeipata Septemba. Nimelipa advansi ya shilingi 150,000.

10 Novemba 2024: Kazi yenyewe

Mistari yenyewe ilienda vizuri, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Muda mwingi wa siku uliishia kwenye stensili, karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi kabla ya sindano.

Stensili ya kwanza ilibandikwa nikiwa nimelaza mkono, kiganja juu. Ilikuwa nyoofu kabisa. Nikasimama, mkono ukaning'inia, na mchoro mzima ukajipinda kama kamba iliyosokotwa: chini ya kiwiko mfupa mmoja huzunguka juu ya mwingine kiganja kinapogeuka, na ngozi hufuata. Akaifuta yote kwa spiriti. Ya pili ikabandikwa nimesimama, ikatulia karibu na kifundo lakini ikapishana karibu na kiwiko. Akaifuta tena.

Kilichofanikiwa: alikata stensili vipande vitano, kipande kwa kila safu ya pembe. Kwanza alipiga mstari mmoja wa katikati kwa kalamu, nikiwa nimesimama na mkono umelegea, kiganja kikitazama paja. Halafu kila kipande kikabandikwa peke yake kikifuata mstari ule. Tatizo la pili lilikuwa kwamba zambarau ya stensili haionekani vizuri kwenye rangi yangu. Aliacha ikauke vizuri, akapitia kona zote kwa kalamu ya rangi nyepesi ili asipoteze ncha ya pembe akifuta wino. Nilijikagua kwenye kioo, nikajipiga picha mkono ukiwa chini, umekunjwa, umeinuliwa. Baada ya hapo ndipo pakiti ya sindano ikafunguliwa.

Lile jaribio lililosambaa la Juni lilikuwa linabaki. Aliligeuza kuwa utepe mmoja mzito, mweusi tii, unaofunga mchoro upande wa kiwiko, mpana kiasi cha kumeza kivuli. Mwanzoni niliuona mzito. Sasa naona umeupa mchoro mahali pa kuanzia.

Maumivu: ndani ya mkono na karibu na kifundo yanasumbua, kwingine yanavumilika. Kula kabla, na uwe na kitu kitamu karibu.

Utunzaji ni wa kawaida: kuosha kwa sabuni isiyo na manukato, kukausha kwa kugusagusa, mafuta kidogo sana, kutokwangua maganda, kutoingia baharini hadi ngozi ifunge, na kujikinga na jua.

12 Januari 2025: Imepona, na hesabu

Nafasi zote nne za katikati zimebaki wazi. Nimezipima, hakuna iliyopungua chini ya milimita tatu na nusu. Utepe wa kiwikoni umekolea sawasawa. Nukta za karibu na kifundo zimepotea kadhaa, mahali ngozi inapokunjwa kila saa, na upande wa kidole gumba mstari mmoja una pengo dogo. Marekebisho ya mara ya kwanza yamo kwenye bei. Gharama yangu ni nauli tu.

Hesabu kwa shilingi: chanjo na vipimo 95,000, daktari wa ngozi 50,000, Newala 160,000, advansi iliyopotea 30,000, jaribio la kwanza 60,000, jaribio la pili 50,000, nauli na malazi ya Arusha, pamoja na safari ya marekebisho, 340,000, kazi yenyewe 650,000, advansi ikiwa ndani yake, sabuni na mafuta 18,000. Jumla 1,453,000. Karibu nusu ya fedha hizo si uchoraji, ni kumtafuta anayeujua. Ningeombwa nikate mahali, ningeikata ile advansi. Jaribio lolote nisingeligusa.

Picha nilimtumia mjomba kwa WhatsApp, akamwonyesha bibi. Alipiga simu jioni. Bibi anasema safu ya tatu kutoka kifundoni pembe yake imelala mno, ya kwake imesimama. Nimerudi kwenye daftari nikalinganisha, na ni kweli: pale mkono unapoanza kunenepa, kipande cha stensili kilifunguka kidogo. Mchoraji nimemtumia kipimo. Anasema pembe iliyokwisha kuchorwa haisimamishwi, ila safu ya nukta juu yake inaweza kuwekwa kwa pembe iliyosimama zaidi ili jicho lisilale nayo. Tutalifanya Februari pamoja na yale mapengo, na nitaongeza hapa matokeo yake yakipona.